Nilimwahidi Mama Nitafuta Kilio Chake, Nikakirudisha Kwenye Filamu

Admin, jina langu lifiche na la filamu usilitaje, maana Eldoret ni ndogo na sisi watu wa kamera tunajuana. Mimi ni dada wa miaka 29, naishi mtaa wa Pioneer, kazi yangu ni kuhariri video. Harusi, mazishi, kwaya zinazozindua albamu, hayo ndiyo yananilisha. Mwaka jana dairekta mmoja kijana, tumwite Kip, aliniomba nimharirie filamu yake ya kwanza. Nilikubali mbio mbio. Nilikuwa nimechoka na keki na maharusi.

Kwenye filamu kuna mama anayemzika bintiye. Tulimpata mama mmoja mkulima wa mahindi kule Moiben, hajawahi kuigiza maishani. Ni Mbukusu kama mimi, na Kip alimwambia alie kwa lugha yake tu. Basi kamera ilipoanza, mama akaacha kuigiza. Alimlilia binti yake mwenyewe. "Ulirudi na mimba nikakufungia mlango. Ulinyeshewa ukiniita, na mimi nasikia. Mimi ndiye nilikuua." Kumbe binti alijifungulia kwa jirani na akafa hapo hapo. Kip na wenzake walikuwa wanapangusa machozi wakidhani ni kipaji. Pale hakuna mwingine aliyeelewa Kibukusu, ni mimi tu.

Baadaye mama alinivuta kando. "Mwanangu, hayo hayakuwa ya filamu. Faith anajua mama yake alikufa kwa ajali. Nitolee hapo, tafadhali." Faith ni mjukuu wake, amemlea tangu alipozaliwa, sasa yuko sekondari. Nilimshika mikono nikamwambia nitafuta mimi mwenyewe. Kip nilimdanganya kwamba upepo uliharibu sauti. Hadi hapo, kusema kweli, nilikuwa mtu mzuri.

Shida ilianza tulipoandaa faili za kupandisha mtandaoni. Kampuni inayosambaza filamu ina masharti mpaka kichwa kinauma: picha iwe ya kiwango hiki, sauti isipite hapa, trela, bango, na maandishi chini ya picha kwa kila neno linalosemwa. Tukatuma, ikarudishwa. Walisema ni fupi mno, haiwezi kuingia kama filamu kamili. Kip alikaa kwenye kiti changu cha plastiki akashika kichwa. "Si kuna kitu tuliacha? Hata ile scene ya mathe akilia? Jaribu tu ku-clean sauti, please."

Najua mtauliza, kwa nini nisingetoa sauti nikaweka muziki? Nilijaribu. Ilipoa kabisa. Na hapa ndipo naona haya hata kuandika: niliirudisha na sauti yake yote kwa sababu ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na mwishoni pameandikwa jina langu. Nilitaka watu waione. Halafu kwenye maandishi ya chini, pale mama anaposema "mimi ndiye nilikuua," nikaandika, "Mwanangu, umeniacha na nani?" Nikajiambia nimemsitiri. Kip alipoiangalia alinikumbatia, "Umeokoa hii movie, sis." Nilitabasamu kama mjinga.

Ikakubaliwa, inatoka Ijumaa hii. Juzi mama alinipigia na kabambe yake, ile simu isiyo na picha wala WhatsApp, akiwa na furaha. Kanisa lao limeazima projekta, na wanakuja majirani, wengi wao Wabukusu wenzetu. Hao hawatahitaji kusoma maandishi, watasikia. "Wewe ulinitunzia heshima yangu, mwanangu. Nimewaambia waje wote. Faith atakaa mbele na mimi." Nilisema tu, "Sawa, Mama." Nilipokata simu niliketi sakafuni jikoni nikalia.

Akaunti yetu kwenye ile kampuni iko mikononi mwangu, naweza kuiondoa filamu hata sasa hivi. Lakini nikiiondoa inarudi mwisho wa foleni, na bila kile kilio bado itakuwa fupi. Kip aliacha ualimu kwa ajili ya filamu hii, wazazi wake hawamsemeshi. Na nitampa sababu gani bila kuitoa siri ya mama? Mara ninataka kwenda Moiben nimwambie mama uso kwa uso, ninavaa viatu, halafu ninavivua. Ninamwogopa mama huyu kuliko mtu yeyote, na hajawahi kunifanyia chochote ila kuniamini.

Jana Kip aliweka bango mtandaoni. Ni uso wa mama kwenye kilio kile, macho amefumba, mdomo wazi. Mama hajaliona. Faith ameliona kwa simu ya rafiki yake, na leo asubuhi ameniandikia kwa simu hiyo hiyo, akimwita nyanya yake kukhu na marehemu babu yake kuka, kama tunavyosema kwetu: "Auntie, kukhu hata kwa matanga ya kuka hakulia hivi. Hapa alikuwa analilia nani?"

Nimeusoma ujumbe, na anaona kwamba nimeusoma. Jamani, nitukaneni mkitaka, nastahili, lakini kwanza niambieni huyu mtoto nimjibu nini, na nifanye nini kabla ya Ijumaa.