Bastola Inayoota

Wifi yangu ana masikio mabaya. Sisemi kwamba hasikii. Nasema anasikia mno. Ukifungua bati la biskuti sebuleni kwake, hata kama umelifunika kwa mto, atakuuliza kutoka jikoni umebakisha ngapi.

Kazini wanamwita Mama Funguo. Ni mtunza silaha wa kampuni ya ulinzi, na mimi ni karani wa kampuni hiyohiyo. Kaka yangu, yaani mume wake, analinda lango la benki kwa niaba yetu. Ndiyo, ukoo mmoja tumeijaza ofisi. Waliokuwa wanalalamika wameshachoka.

Stoo yake ni chumba chembamba chenye mlango wa chuma na kidirisha cha nondo. Kaunta ameitandika blanketi la kijivu ili silaha zisikwaruzike, na mwisho wa kaunta kuna sanduku la mchanga. Kila mtutu unaoshikwa humo ndani lazima ulitazame sanduku hilo, uwe na risasi au usiwe nayo. Mkubwa wa tawi aliwahi kuisahau sheria hiyo, akatolewa nje kama kuku aliyeingia jikoni.

Humo stoo wana lugha yao. Kile kitufe cha usalama kilicho ubavuni mwa bastola wanakiita kope. Kope ikiwa chini, bastola imelala, hata ukivuta kifyatulio haifanyi kitu. Kope ikiinuliwa, iko macho. Ikifyatuka bila kifyatulio kuguswa, inaota. Kila asubuhi walinzi wanapanga foleni kidirishani, na Mama Funguo anamuuliza kila mmoja, "Imelala?" Naye anajibu, "Imelala, haioti." Ni utani wa miaka ishirini na mbili, lakini usipojibu hupewi silaha.

Basi, Jumatatu moja zikaja bastola mpya kumi na mbili, nyeusi, zinanukia plastiki na mafuta. Makao makuu walituma pamoja nazo orodha ya nani apewe ipi. Namba saba ilikuwa ya kaka.

Kaka yangu tunamwita Polepole. Muda anaotumia kufunga kamba za viatu, mtu mwingine anakunywa chai na kusuuza kikombe. Si mvivu, ni mwangalifu. Hata mlango anaufungua kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Wiki nzima alikuwa ameisubiri bastola ile. Mkanda wake aliupaka rangi ya viatu mara mbili, na mara ya pili akapaka na shati.

Kabla ya kugawa, wifi huijaribu kila silaha mara thelathini, bila risasi. Nilikuwa mezani kwangu naandika barua aliponiita.

"Wifi, njoo usikilize hii."

Akailaza namba saba. Akavuta kifyatulio, kimya, kama inavyotakiwa. Akakiachia, akainua kope. Kimya. Akarudia. Nilisimama pale nikisikiliza mara ishirini, na sikusikia kitu ila njaa yangu. Ya ishirini na moja, alipoinua kope, ndani yake kukasikika *ta*.

"Umesikia? Hiyo ni pini ya kugonga risasi. Kidole changu hakipo kwenye kifyatulio, kiko huku juu. Ingekuwa na risasi, ingekuwa imeshalia."

"Labda ni mpya tu, haijazoea."

"Wifi, hiyo si ndoa."

Kumi na moja nyingine zilinyamaza. Akachukua kalamu, akaandika taarifa kwa mkono: *Namba saba inaota. Isigawiwe.* Akanipa niipige chapa.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nalikiri. Kwa kuizoea lugha ya stoo, niliipiga vilevile ilivyo na kuituma makao makuu. Jumanne ikarudi bahasha, na pamoja nayo kopo la mafuta na brashi ndogo. Barua ilisema: "Silaha mpya kuota kutu ndani ya siku moja ni uzembe wa utunzaji. Ipakwe mafuta na igawiwe kabla ya Ijumaa jioni." Kutu waliiongeza wenyewe, maana kwao kinachoota ofisini ni kutu au majani, ndoto hawazijui. Nilicheka mpaka nikamwona wifi usoni.

"Herufi sita," aliniambia. "Umenizika kwa herufi sita."

Siku hiyohiyo niliandika barua ya pili, ya Kiswahili kisichoota wala kulala, nikaomba wakala aliyeziuza atume fundi. Lakini mkubwa wa tawi alikuwa ameshaziagiza zile kumi na moja zitoke, na kwa namba saba akasema amri ni amri. Wifi akaifungia kabatini, ufunguo akauvaa shingoni. "Nifukuze kwanza," alimwambia, "halafu uje kuitoa wewe mwenyewe." Mkubwa akakumbuka ana simu ya kupiga.

Sasa fikiria foleni ya Jumatano asubuhi. Walinzi kumi na mmoja na bastola mpya, na Polepole mmoja na ile kuukuu iliyochubuka mpini, na aliyemnyima ni mkewe. Kuna mlinzi tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. "Jamani, Polepole kanyang'anywa bastola na mke! Kesho atanyang'anywa suruali!" Foleni nzima ikacheka mpaka kwenye ngazi. Kaka akajibu, "Imelala, haioti," kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi, akaondoka.

Nyumbani alinuna. Alikula akiangalia ukuta, akasema "asante" kwa sahani badala ya kwa mtu. Alikuja kwangu Alhamisi baada ya kazi.

"Mdogo wangu, niambie kweli. Wifi yako ananiona mtoto?"

"Kaka, bastola ina kasoro."

"Kumi na mbili zimekuja, yenye kasoro ikawa yangu tu? Na hata mkubwa haioni?"

Nilimpelekea wifi maneno hayo, maana umbea wa kujenga si dhambi. Alikuwa anapanga funguo. Hakugeuka.

"Mwache aninunie. Bastola ikiwa kiunoni, mtutu unatazama paja. Mume aliyenuna ana miguu miwili."

Lakini ufunguo uleule aliutundika na kuutundua mara tatu, na nilimwonea huruma sana. Masikio yake yalikuwa na ushahidi wa mlio mmoja tu kila mara thelathini, hata yeye hakujua kwa nini.

Ijumaa asubuhi fundi wa wakala akafika, suti imenyooka, sanduku la vifaa linang'aa. Tukajazana stoo: yeye, mkubwa, wifi na mimi na daftari langu. Wifi alichukua penseli, akaiingiza mtutuni, kifutio kikitangulia. "Pini ikigonga, penseli itaruka," alisema. "Hapo hatutahitaji masikio ya mtu."

Fundi akaelekeza mtutu kwenye mchanga. Akavuta, akaachia, akaipiga kope kwa kidole gumba, *pwa*! Penseli haikutikisika. Mara kumi, mara thelathini, mara hamsini. Kope ilikuwa inaruka mkononi mwake kama swichi ya taa.

"Mama yangu," alisema kwa adabu, "masikio nayo huzeeka."

Mkubwa akaniambia niandike kwamba haina kasoro. Nikaandika. Iliniuma, lakini nikaandika.

Kaka alikuwa kidirishani, amesikia yote. Akaingia. "Basi nipeni yangu." Fundi akampa.

"Ijaribu kwanza," wifi alisema, polepole. "Wewe mwenyewe, kama utakavyoishika kazini. Mchangani."

Aliguna, lakini mtu mwangalifu hata akikasirika ni mwangalifu. Akarudisha penseli, akavuta, akaachia, akaweka kidole gumba chini ya kope na kuanza kuiinua vile anavyofungua milango. Ilipofika nusu ya njia, *ta*. Penseli ikaruka ikaangukia mchangani.

Kifyatulio hakikuguswa.

"Rudia," fundi alisema. Akarudia, ikaruka tena. Fundi akavua koti. "Mimi naipiga inavuka," alisema, akijisemea. "Yeye anaipitisha katikati. Humo katikati ndimo kuna kitu." Kisha akamgeukia mkubwa. "Zile nyingine ziko wapi?"

Ziko wapi! Ziko viunoni mwa watu kumi na mmoja. Nilipiga simu mpaka sikio likawa moto, na kabla ya saa sita zote zilikuwa juu ya blanketi, tupu. Zote zilijaribiwa kwa kidole gumba cha kaka yangu. Penseli tatu ziliruka. Ya tatu ilitoka kwenye bastola ya Redio, ambaye alikaa sakafuni akalishika paja lake kwa mikono miwili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona Redio imezimika.

Fundi aliziweka zote kumi na mbili sandukuni akaandika kwa mkono wake kwamba zisitumike. Walinzi wakatoka. Kaka alibaki amesimama mbele ya mkewe.

"Niambie kitu kimoja," alisema. "Nisingekuwa mume wako, ungeizuia?"

"Ingekuwa ya mwingine, ningeizuia na kwenda kulala," wifi alijibu. "Kwa kuwa ni yako, Jumatano niliitoa kabatini. Nilikuona ulivyoupaka mkanda rangi. Niliishika mpaka hapo kidirishani, nikasema mlio mmoja tu, nimpe mume wangu afurahi. Ulikuwa wa tatu kwenye foleni." Akaugusa ufunguo shingoni. "Nikairudisha. Nilipofunga kabati, nilirudi mara mbili kuhakikisha limefungwa."

Alianza kulia, yeye ambaye sijawahi kumwona akilia hata msibani. Kaka alivua kofia, akakaa kwenye kiti alichokiacha fundi, akamshika mkono na kuushikilia. Mkubwa akakohoa, akaniambia nifunge daftari, tuwapishe.