Nilivaa ovaroli na buti kila asubuhi kwenda kuandika code Kariobangi

Wakuu niaje. Nimekaa humu miaka nikisoma nyuzi za watu na kucheka peke yangu kama mwehu. Leo nichekeni mimi. Nitakayosema yamenitokea, na wewe unayetaka kuandika "uwongo" kabla ya kufika aya ya tatu, nakusalimu pia.

Kuna kijana ameuliza humu kama aende chuo, asome coding, ama ajifunze kazi ya mkono. Mmemjibu kama maprofesa. Hakuna hata mmoja aliyemwambia shida yenyewe iko wapi, kwa hivyo nimekasirika na nimeamua kuandika.

Naitwa Mutuku. Nimezaliwa Umoja, na bado naishi hapo na wazazi, kwa ploti ya ghorofa tatu. Mzee alikuwa dereva wa lori huko Industrial Area. Sasa amestaafu, na ni mzee wa kanisa.

Baada ya form four nilipata alama za kuingia chuo lakini sikuenda. Nilijifunza coding mwenyewe kwa laptop ya mtumba, na mwaka jana kampuni moja ya Uholanzi ikanichukua. Wao wanahifadhi maua kwenye friji kubwa kubwa. Mimi naandika programu inayopiga kelele friji ikipata joto. Bosi wangu ni mama mmoja anaitwa Anneke. Niliwekwa kwa majaribio kwanza, nikipita niajiriwe kabisa.

Raha tupu, si ndiyo? Shida ni kwamba kazi hiyo nilikuwa naifanyia chumbani.

Wakuu, mnajua Umoja. Mwanamume mzima akishinda ndani mchana, hayo si maisha yake tena, ni mali ya ploti.

Mlangoni pa ploti yetu anakaa Mama Otieno. Anauza omena, na hakuna mtu anayetoka ama kuingia bila yeye kujua. Alianza pole pole. Akamuuliza mathe, "Mama Mutuku, kijana ni mgonjwa?" Mathe akasema hapana. Wiki iliyofuata akauliza kama nimeachwa na msichana. Baadaye akaacha kuuliza, akaanza kueleza watu. Mara nafanya wash wash ya pesa bandia. Mara nimeingia dini ya shetani. Mwishowe wakakubaliana kwamba nina jini, na ndilo linanifungia ndani.

Mzee nilimweleza. Haki ya Mungu nilimweleza, tena si mara moja. Nikamwonyesha skrini. Akavaa miwani, akaangalia, akauliza, "Na hii ukimaliza unaipeleka wapi?"

Nikasema, "Baba, haipelekwi popote. Inakaa kwa mtandao."

Akatikisa kichwa kama mtu ameambiwa ng'ombe anakamuliwa kwa simu.

Jumapili moja baada ya kanisa akanikalisha chini. "Mutuku, kwa nyumba hii mwanamume hutoka asubuhi. Ama utafute kazi inayoonekana, ama muhula ukifunguliwa unaenda chuo. Nimeongea na binamu yangu Machakos. Utakaa kwake, usome mambo ya stoo na ugavi."

Sina ubaya na chuo, wakuu. Lakini huyo binamu yake stima humtembelea kama mgeni, na mtandao ni mpaka upande kilima. Nikienda huko kabla Anneke hajanipitisha, kazi kwisha. Na nilikuwa naipenda ile kazi. Ndiyo kitu cha kwanza maishani nilichokipata bila kumjua mtu.

Sikulala. Asubuhi mathe akaingia chumbani, akaketi kitandani, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mutuku, si utoke tu?"

"Niende wapi, Mama?"

"Popote. Toka ukionekana, rudi ukionekana."

Jioni akarudi kutoka soko la mitumba la Gikomba na ovaroli ya bluu, buti nzito, na helmeti ya njano. Nilidhani ni mzaha. Mathe hana mzaha.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Kila asubuhi nashuka ngazi na buti, ngwa ngwa ngwa, laptop iko ndani ya sanduku la chuma la vifaa. Mama Otieno akaniangalia siku ya kwanza mpaka nikapotea konani. Siku ya pili akasema, "Fundi, habari ya asubuhi." Siku ya tatu mzee akaniamkua yeye kwanza, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu nizaliwe.

Kaka yake mathe, mjomba Nzioka, ana karakana Kariobangi Light. Wanatengeneza mageti na madirisha. Nilimweleza shida yangu, akacheka mpaka akaketi. Akanipa kona nyuma ya milango iliyosimamishwa ikingoja wenyewe. Nikaweka meza, nikavuta wifi ya jirani anayetengeneza simu, kazi ikaendelea. Mzee akaambiwa mjomba ameniajiri.

Fundi wake mkuu ni Wafula, mtu wa Bungoma, mdomo wake haupumziki. Bei ya kunyamaza kwake ilikuwa chapati madondo, maharagwe yamejaa sahani, kila mchana. Nikichelewa alikuwa anaanza kuimba kwa sauti, "Kuna mtu hapa si fundi, kuna mtu hapa si fundi."

Kelele sasa. Wueh. Nyundo, grainda, jenereta, na redio ya injili juu yake. Kwenye mikutano nilizima maikrofoni na kamera, nikajibu kwa kuandika tu. Siku moja nikabonyeza vibaya, kamera ikawaka. Wenzangu wote wakaniona nimevaa helmeti na ovaroli, cheche zinaruka nyuma yangu.

Mmoja akauliza kama Kenya ni lazima uvae helmeti ukiandika code.

Nikamwambia inategemea na code.

Anneke akasema anapenda watu wanaozingatia usalama kazini. Mimi huyo, nikapewa kuandika mwongozo wa usalama wa timu. Niliuandika nikiwa na bolti sikioni kuzuia kelele.

Nyumbani nako moto ukazidi. Majirani waliposikia ni fundi, wakaanza kuleta vitu. Mama Otieno alileta jiko limekatika mguu. Mwingine kitasa. Mwingine kitanda, wakuu, kitanda kizima, nikabeba kwa mkokoteni hadi Kariobangi. Wafula alitengeneza, mimi nikarudisha na kupokea shukrani. Mzee akawa anasimama mlangoni jioni bila sababu, mikono nyuma, ili mtu apite amwambie, "Mzee, kijana wako ana mikono." Nilimwona akitabasamu kwa njia sijawahi kuona. Ikaniuma, kwa sababu alikuwa anamtabasamia Wafula.

Ubaya ulikuja kanisani. Geti la kanisa lilikuwa limeanguka. Mzee akasimama mbele ya watu wote akasema, "Tusihangaike. Kijana wangu atalitengeneza kwa mikono yake mwenyewe." Makofi. Vigelegele. Mathe alikuwa anaangalia sakafu.

Nikampa Wafula ile kazi, na chapati zikaongezeka. Geti likawa linaenda vizuri. Mimi hofu yangu ilikuwa mkutano wangu na Anneke wa kuamua kama nimepita. Ulikuwa Alhamisi alasiri, timu nzima wawepo. Nilivaa shati safi ndani ya ovaroli.

Nimeingia tu kwenye mkutano, airpods masikioni, nikasikia sauti nje. "Mutuku yuko wapi? Tumekuja kuona geti."

Ni mzee. Na pasta. Na Mama Otieno, ambaye ni mweka hazina wa kanisa. Hawakupiga simu, hawakufanya nini, wametokea tu.

Ningejificha, lakini Wafula, Mungu anamwona, akaita, "Fundi! Wageni wako!"

Nikatoka. Anneke anaongea masikioni, wazee wako mbele yangu. Mzee akang'aa uso. Akasema, "Pasta anataka kukuona ukichomelea kidogo tu. Apige picha ya kuonyesha waumini."

Wafula akanipa mashine huku akiuma midomo asicheke. Nikavaa ile ngao ya uso ya kuchomelea. Angalau uso ulifichika.

Anneke akauliza, "Mutuku, ni jambo gani gumu umejifunza kwa miezi hii?"

Nikajibu kwa Kiingereza chini ya ngao, cheche zinaruka kila upande, naeleza habari ya friji na takwimu na seva. Ngao inameza maneno. Sioni kitu. Nasikia pasta anasema polepole, "Mwacheni, msimguse. Ananena kwa lugha."

Mama Otieno akapaza sauti, "Amina!"

Anneke akauliza kama huyo Amina ni mwenzangu wa ofisi.

Mzee akaanzisha pambio. Nikaendelea kuchomelea kwa sababu sikujua namna ya kuacha. Pambio likaisha, nikazima mashine, nikajaribu kuinua geti waone.

Geti likainuka na meza. Nilikuwa nimechomelea geti la Bwana kwa meza ya mjomba.

Wafula hakuweza tena. Akasema, "Pasta, hilo sasa lina miguu minne, litatembea lenyewe hadi kanisani." Akalala chini kwa kicheko.

Nikavua ngao, airpods zikaanguka na kunyamaza. Laptop ikaanza kuongea yenyewe kwa spika. Kutoka nyuma ya milango ikatoka sauti ya mwanamke mzungu: "Mutuku? Mutuku, are you safe?"

Pasta akaruka nyuma. "Shindwa!"

Mama Otieno akapiga kofi mapajani. "Si nilisema? Si nilisema ana jini? Na ni la kizungu!"

Mzee peke yake hakurudi nyuma. Alizunguka milango, nikamfuata. Kwenye skrini kulikuwa na nyuso nane zinamtazama. Mzee akavua kofia, akasema, "Hamjambo."

Mmoja akajibu, "Jambo!"

Wote wakapunga mkono. Mzee naye akapunga. Nikamweleza Anneke kwamba huyu ni baba yangu. Anneke akamwambia maneno, mzee akanigeukia nimtafsirie.

"Anasema mimi ni mfanyakazi mzuri. Anasema nimepita, wananiajiri kabisa."

"Kazi gani?"

"Hii, Baba. Ile niliyokuonyesha."

Akavaa kofia akatoka.

Tulirudi kwa miguu, yeye na mimi tu. Nilingoja matusi tangu Kariobangi, hayakuja. Tulipofika Outering akasimama kando ya barabara, malori yanapita, akayaangalia.

"Mimi sikustaafu," akasema. "Nilifutwa. Wewe ulikuwa darasa la nne."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Kila asubuhi nilivaa yunifomu nikatoka. Nilikuwa naenda Burma, kule soko la nyama. Kuna mwenye bucha aliniachia benchi. Nilikaa hapo mpaka jioni, mpaka saa ya dereva kurudi nyumbani. Karibu mwaka mzima, nikipata vibarua hapa na pale, kisha nikawaambia nimestaafu. Sikutaka mnione ndani mchana."

Wakuu, nilikumbuka. Alikuwa anarudi akinuka moshi wa nyama choma. Sisi watoto tulimkimbilia tukinusa yunifomu, tukasema kazi ya Baba ni tamu, kila siku anakula nyama. Alikuwa anatuacha tuseme.

"Kwa hivyo nikikuona umekaa ndani," akasema, "siwezi kukuona wewe, najiona mimi."

Nikamuuliza kama Mama alijua. Akasema, "Hapana. Hiyo moja nilifaulu."

Akatembea kidogo, akaangalia ovaroli yangu juu mpaka chini, akasema, "Na wewe angalau ulikuwa na kazi." Akacheka. Mimi sikuweza.

Nyumbani nilimkuta mathe anachagua maharagwe. Nikamuuliza moja kwa moja kama alijua habari ya Burma. Hakuinua kichwa.

"Mwenye bucha alikuwa ananipa habari kila Ijumaa. Nilimwambia amwekee benchi kwenye kivuli."

Akaendelea kuchagua. Akaniambia nisimwambie mzee. Sijamwambia, na mkimjua nyinyi nyamazeni.

Habari ya chuo imekufa. Geti la kanisa Wafula alilikata na grainda, linafunguka vizuri. Sasa nafanyia kazi sebuleni, na mzee ndiye anazuia wageni mlangoni. Watu wakimuuliza kijana wake anafanya nini, anasema, "Anafanya na Wazungu wanane, nimewasalimia mwenyewe."

Funzo langu, kwa yule kijana aliyeuliza: chuo, coding, ama nyundo, zote zinalisha mtu. Chagua unayoipenda. Lakini mzazi akikuuliza mara ya tatu swali ulilokwisha kujibu, usimweleze tena kazi yako. Muulize yeye anaogopa nini. Mimi ningeokoa chapati nyingi sana.

Haya, leteni zenu. Hasa nyinyi mnaofanya kazi za laptop: nyumbani mliwaambia nini? Na kama kuna mtu humu anatoka asubuhi akiwa hana pa kwenda, andika hata nukta tu. Hatutakucheka. Pengine kuna mtu nyumbani anajua, na amekuwekea benchi kivulini.