Magodoro ya Mama Mkubwa

Simu iliita nikiwa Bukavu, nimesimama kando ya mtambo wa kuchimba visima. Mtambo wangu mwenyewe, wenye jina la kampuni yangu ubavuni. Ilikuwa mwaka 2019, kiangazi kimeanza. Aliyepiga alikuwa mama mkubwa, kutoka Brussels, na hakuniuliza habari za kazi.

"Mwisho wa mwezi wa saba tunatoka mu hii nyumba," alisema. "Batoto banatupeleka ku nyumba ya bazee. Kule mugeni halali. Donc, weye na bibi yako, mukuye mulale hapa mbele hatujatoka. Mara moya tu."

Nilijibu kwamba tutakuja kabla hawajatoka, na tulienda.

Ngoja kwanza nikueleze, rafiki yangu, mama mkubwa ni nani. Hatuna damu moja. Alikuwa jirani wa ghorofa ya tatu, sisi tukiwa ya nne, katika mtaa mdogo wa Brussels unaotokea Chaussée de Wavre, kwenye maduka ya vitenge na ofisi za kutuma pesa nyumbani. Tulifika pale mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mama yangu na mimi na sanduku moja, tukiikimbia vita ya Kivu. Mama alipata kazi ya kusafisha ofisi kule Schuman, kwenye majengo ya Umoja wa Ulaya, alfajiri, kabla wakubwa hawajafika. Mtoto hawezi kuachwa peke yake saa hizo, kwa hiyo nililala kwa jirani. Wiki ya kwanza nilimwita maman, ya pili nikamwita mama mkubwa, na hivyo ndivyo alivyobaki. Mumewe tulimwita tonton. Alikuwa mlinzi wa maegesho ya magari, mtu wa maneno machache na kicheko kirefu.

Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja na sebule. Lakini nyuma ya kabati la sebuleni palisimama magodoro ya sponji, yamebanwa ukutani kama vitabu kwenye rafu, na Ijumaa jioni yalianza kutoka moja moja. Wageni walifika kutoka Liège, kutoka Lille, kutoka Paris. Walikuwa watu wa Bukavu, watu wa Uvira, na wengine ambao mpaka wanaondoka hatukujua ni wa wapi hasa. Mradi mtu amesalimia kwa Kiswahili mlangoni, aliingia. Makoti yalirundikwa kitandani mpaka kitanda kikapotea. Makayabu, samaki wa chumvi, ililowekwa kwenye bafu, na ukitaka kuoga Jumamosi ilibidi umwombe samaki ruhusa. Sombe, kisamvu cha kwetu, ilichemka tangu asubuhi, madirisha yakatoa jasho, na mtu akiandika jina lake kwa kidole kwenye kioo, lilibaki hapo mpaka bugali iwe tayari.

Kazi yangu ilikuwa viatu. Saa mbili usiku, wageni wakianza kuulizana habari za treni, mama mkubwa alinikonyeza, nami nilivikusanya viatu vyote mlangoni na kuvificha chini ya sinki, nyuma ya ndoo. Mgeni akisimama kuaga, alitafuta, akainama, akatazama chini ya viti, na sebule nzima ikamcheka. "Treni ilishaenda, papa," mama mkubwa alimwambia, na treni ilikuwa haijaenda hata kidogo. "Lala. Viatu bitarudi asubuhi."

Watoto, wa kwao na wa wageni, tulilala mzungu wa nne, miguu ya mmoja kwenye kichwa cha mwenzake, tukinuka sabuni na vitunguu. Radieta ya kupasha joto iligongagonga ukutani, wakubwa walibishana habari za nyumbani kwa sauti ya chini, kisha maneno yakapungua na mikoromo ikaanza, mmoja mzito, mmoja wa filimbi. Ghorofa ya pili aliishi bibi mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa akigonga dari yake kwa ufagio tukizidi kelele. Siku moja mama mkubwa alinituma nimpelekee sahani ya ndizi za kukaanga. Toka siku hiyo aligonga tu sahani ilipochelewa.

Katika sebule ile nilisoma. Nasema bila haya, kwa sababu wengi waliopewa chumba chao na meza yao na taa yao hawakufika nilipofika. Wenzangu darasani waliegemea dawati, mimi niliegemeza daftari kwenye mgongo wa mgeni wa Lille aliyelala. Nikapata diploma ya uhandisi, yenye sifa. Nikaitundika ukutani kwa mama yangu, naye akaitazama mwaka mmoja tu kabla hajafariki. Kisha, wakati kila mtu akiniambia nitafute kazi Brussels, nilirudi Bukavu bila mtu wa kunishika mkono, na leo vitongoji vinakunywa maji niliyoyapandisha mimi.

Sasa utaelewa kwa nini nilichukua hoteli. Niliichagua kule kule Schuman, yenye milango ya vioo inayofunguka yenyewe. Mama yangu alipita mitaa hiyo na ndoo, akiingilia milango ya nyuma. Nilitaka mwanawe aingilie mbele, anasukumiwa sanduku. Tena mama mkubwa na tonton walikuwa wamezeeka, na sisi tulikuwa tumechoka: barabara mpaka Kigali, ndege ya usiku, mke wangu hajawahi kupanda ndege ndefu hivyo. Niliona ni busara.

Jumamosi mchana tulipitia Chaussée de Wavre, mke wangu akanunua vitenge vya dada zake, kisha tukapanda zile ngazi. Zilinishinda kwenye ghorofa ya pili. Tonton alifungua mlango na kicheko chake kilekile.

"Angalia huyu! Alishakuwa patron, na tumbo yake imetangulia!"

Mama mkubwa alitukumbatia, akanishika mashavu, akamshika mke wangu mikono yote miwili akimwita mutoto yangu. Halafu akachungulia nyuma yetu, kwenye ngazi.

"Na valise?"

"Ziko ku hôtel, mama mukubwa."

"Hôtel gani?"

"Ya Schuman. Hatukupenda kubasumbua. Muko bazee sasa."

"Ah bon." Alimgeukia mumewe. "Unasikia, papa? Ingénieur anasema tuko bazee."

"Aseme tu," tonton akajibu. "Magoti yangu ilishasema mbele yake."

Alicheka peke yake. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Kitanda chao kilikuwa kimetandikwa shuka mpya zenye mikunjo ya dukani, na taulo mbili zimewekwa juu, moja kubwa na moja ndogo, kama wanavyowekewa maharusi. Sebuleni, chini ya dirisha, yalikuwa yamelazwa magodoro mawili ya zamani, na mito ya wenye nyumba. Mengine yalisimama palepale nyuma ya kabati. Nikaona mke wangu ameona.

Tulikula vizuri mno. Lakini mke wangu alikuwa ameacha kuwa mutoto yangu. Sasa alikuwa madame.

"Madame, niongeze sombe? Bageni ba hôtel bakule mapema, hôtel inafunga."

"Maman, hôtel haifungaki," mke wangu alisema polepole.

"Kumbe! Basi ni kama hapa kwangu ya zamani."

Jioni tulipoinuka kuaga, hakuna aliyetuzuia. Viatu vyetu vilikuwa vimepangwa mlangoni, safi, vimefutwa vumbi, ncha zikielekea nje.

Ndani ya metro mke wangu alinigeukia tulipokaribia kushuka. "Weye unaonaka maji chini ya mawe," akasema, "na haukuona ule mama alikuwa anataka kulia? Mwezi ujao hana nyumba ya kulaza mutu. Alikuita ulale, haukuitwa kuonyesha hôtel." Nilimjibu kwamba chumba kimeshalipiwa, kwamba mimi ndiye niliyekulia pale, ninawajua. "Kesho tunahama," akasema.

Jumapili baada ya misa ilinyesha mvua ya Brussels, ile isiyo na haraka. Teksi iliposimama mbele ya jengo, niliyaona magodoro yote ukingoni mwa barabara, yameegemezwa ukutani, yakisubiri gari la takataka. Lile la mistari ya buluu nililolalia mimi lilikuwa mbele. Tonton alikuwa kizingitini, mikono kiunoni.

"Alisema bitoke," akatuambia. "Asubuhi, mbele ya misa. Miye na jirani wa chini tukashusha. Siku ya Mungu mutu hagombani na ule mama."

Nilijaribu kuliinua lile la mistari. Maji yalitiririka kutoka ndani kama nimekamua tambara la deki, yakaingia kwenye viatu vyangu vya ngozi. Mpita njia mmoja alinitazama, mtu mzima mwenye suti akikumbatia godoro kwenye mvua. Nililiacha.

Tulipanda na masanduku. Mama mkubwa alikuwa ameketi sebuleni, mikono mapajani, na nafasi nyuma ya kabati ilikuwa tupu, ukuta wake mweupe kuliko kuta nyingine.

"Mama mukubwa, tumekuya kulala."

"Mulale juu ya nini?"

Mke wangu alilifungua sanduku lake sakafuni, akatoa vitenge vya dada zake, akavikunjua kimoja baada ya kingine na kuvitandika juu ya zulia, tabaka kwa tabaka.

Mama mkubwa aliinama, akashika pindo kwa vidole viwili. "Hii ni wax ya kweli. Mutu halaliaki wax ya kweli."

"Leo tunalalia, maman. Dada zangu batabiona bimeshavaliwa na mugongo yangu."

Tonton ndiye aliyeanza kucheka. Mama mkubwa alikaza uso kadiri alivyoweza, kisha akaenda chumbani na kurudi amebeba mablanketi yote, na makoti ya baridi, na lile taulo kubwa. Tulimwomba alale kitandani kwake. "Kama bageni bako chini, miye nipande kule nifanye nini?" Akajilaza kando ya mke wangu, tonton upande wa ukuta, mimi mlangoni kama zamani. Mgongo wangu, nikuambie ukweli, haukufurahi.

Nyumba yangu ya Bukavu ina vyumba vya wageni, kila kimoja na kitanda chake, mlango wake na ufunguo wake, na ninajivunia kila tofali. Wageni wangu hulala vizuri na kuondoka wamepumzika. Ila sijawahi kumsikia mmoja wao akipumua, na ingawa nimetoboa miamba mingi, sijui kuta zilizo kati yetu zinaondolewaje.

Asubuhi niliamshwa na harufu ya chai iliyoungua. Tonton alikuwa jikoni, anapambana na sufuria, na aliponiona akaweka kidole mdomoni na kuelekeza kidevu sakafuni. Mama mkubwa alikuwa amelala. Mdomo wazi, mkono mmoja juu ya bega la mke wangu, kilemba kimeteleza. Mwanga wa dirishani ulikuwa usoni mwake na haukumwamsha. Nilisimama pale nikajaribu kukumbuka, na sikuweza: katika miaka yote ile, mimi mtoto wa nyumba ile, sijawahi kumwona amelala. Sisi sote tulipofumba macho alikuwa amesimama, na tulipofumbua alikuwa amesimama.

Hatukumwamsha. Tulikunywa ile chai mbaya tumesimama jikoni, bila kugonganisha vikombe, mpaka saa nne.

Sasa wako kwenye nyumba ya wazee. Ni mahali pasafi, kuna kitanda kimoja kimoja na kiti kimoja cha mgeni, na ukienda, unaketi, unaangalia saa, unaondoka. Sebule ile wanaishi watu wengine. Mimi na mke wangu ndio tuliokuwa wageni wa mwisho kulala pale, na sitajisifu kwa hilo, mimi ambaye najisifu kwa mengi. Hatukulipata kwa kustahili. Tulilipata kwa sababu mama mkubwa alikuwa amechoka, na katika vyote vilivyomchosha, aliona aanze kwa kuitua hasira.