Noeli ya Kiboko na Chai ya Koko

Enzi zetu, sisi watoto wa mtaa wa Kadutu tulingoja Noeli kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa Mtoto Yesu, au ndivyo tulivyomwambia padri. Ya pili, mwaka ule, ilikuwa kiboko. Kiboko huyo wa katuni alipiga tarumbeta na kuogopa vyura, na filamu zake tatu tulikuwa tumezitazama kwenye kaseti mpaka tukajua kila mahali picha inapokwaruza. Basi televisheni ikatangaza kwamba siku ya Noeli, saa kumi alasiri, kutakuwa na kipindi chake maalumu cha sikukuu: kiboko amepotea kwenye theluji, na lazima afike kwao kabla kengele ya Noeli haijalia. Kingeonyeshwa mara moja tu. Ninyi wa leo mnaorudisha video nyuma kwa kidole kwa sababu mlipiga chafya, hamwezi kuielewa hofu ile.

Adui wetu alikuwa umeme. Nyumba za avenue yetu zote zilitegemea waya mmoja, na resho, yaani jiko la umeme, hata moja ikiwashwa pamoja na televisheni, fyuzi inaungua. Kwa hiyo siku tatu nzima tulizunguka mlango kwa mlango tukiwabembeleza akina mama wapike Noeli kwa makaa.

"Niache resho yangu juu ya kiboko, sababu ya katuni?" aliuliza Maman Riziki, jirani yetu.

"Njo vile, maman. Trente minutes tu, nusu saa."

Alikubali kwa sharti kwamba wanawe sita wakae mbele. Siku yenyewe avenue nzima ilifuka moshi wa mbabula, yale majiko ya makaa, na harufu ya sombe, majani ya muhogo, ikatufuata mpaka ndani. Saa kumi, sebule yetu ilijaa watoto, kila mmoja akiwa ameoshwa miguu mlangoni na mama yangu. Kiti kizuri kilikuwa cha koko, bibi yangu mzaa baba, aliyetoka kijijini kwake Katana kuja kula sikukuu nasi.

Koko hakuwahi kuona theluji maishani mwake.

"Uyu kiboko haina mama wa kumuvalisha?" akauliza. Tukamwomba anyamaze. "Na Yesu iko wapi mu hii Noeli?" Tukamwomba tena. Kiboko alitembea, akatetemeka, tarumbeta ikamgandia mdomoni. Koko akajifunika kitenge, akaongeza cha pili, halafu akainuka akatoka taratibu. Hakuna aliyemwangalia, maana kiboko alikuwa juu ya kilima, ameziona taa za kwao, na mtu ameshika kamba ya kengele.

Pu. Kioo kikawa cheusi.

Tulitoka mbio kumtafuta msaliti. Nyumba zote, mbabula. Mwisho tulimkuta jikoni kwetu: koko, mbele ya resho, na sufuria ya chai.

"Ile barafu ilinipiga baridi," akasema. "Nilisema nikunywe ka chai kidogo."

Maman Riziki alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia kwa hasira. Basi koko akatuketisha, akaimaliza hadithi mwenyewe: kiboko aliteleza kwa makalio mpaka mlangoni kwa mama yake, akala kofi moja la kuchelewa, akavalishwa sweta, akapewa bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, kisha akapiga tarumbeta kanisani Katana mpaka Yesu akacheka horini. Hakuna aliyeukumbuka umeme tena.

Juzi binti yangu Asifiwe alikipata kipindi kile kwenye simu, bila kumbembeleza mtu yeyote. Nilingoja miaka yote hiyo kuona mwisho wake, nikauona. Kiboko anafika, wanakumbatiana, wanakula keki, basi. Asifiwe akahamia video nyingine. Mimi nikamkumbuka koko, ambaye siku hizi amelala kaburini kwao Katana, na machozi yakanitoka.

"Maman, unalia juu ya kiboko?"

"Hapana. Haiko vile iliisha," nikamwambia. "Weka simu kwanza, nikuambie."

Kisha nikaenda kuwasha resho, maana nami nilikuwa nimeanza kusikia baridi.