Sweta na Kisanduku cha Pampu

Sweta la sufu lilinunuliwa kabla safari yenyewe haijawa safari. Mama alilipata kwenye nguo za kafa Ulaya, yaani mitumba, akalifua mara mbili, akalianika uani mahali ambapo kila jirani angeuliza ni la nani.

Kosa lilikuwa langu. Katikati ya miaka ya sabini, nilikuwa fundi umeme kwenye mashamba ya chumvi kaskazini ya Bagamoyo. Rilei, zile swichi za umeme za kuongoza pampu, zilikuwa zimeliwa na kutu, na meneja aliniita tuchague mtambo mpya. Ama paneli nyingine ya rilei kama ile ya zamani, ama kisanduku cha kisasa kinachopewa maagizo mara moja na kuyakumbuka chenyewe. Tukichukua kisanduku, waliokitengeneza wangenipeleka Ulaya miezi mitatu kukisomea.

"Wewe ndiye unayejua, fundi," meneja alisema. "Andika ripoti, mimi nitatia saini."

Nikaenda nyumbani nikamwambia mama nasafiri. Sikutia neno "huenda".

Kwetu msafiri hatoki bila dua. Ijumaa ya wiki ile ile, baada ya sala, baraza ilijaa. Jamaa wa Mlingotini walikuja na visheti, wanawake wanaobeba chumvi shambani kwetu walikaa uani, na mwalimu wa chuo cha Kurani akaniombea niende salama na nirudi salama. Nilikaa katikati na kanzu yangu, jasho linanitoka, nikipokea amin za watu kwa safari ambayo ripoti yake sijaandika hata mstari mmoja. Aibu nilikuwa nayo, lakini raha ilizidi.

Jumatatu akaja mgeni kutoka kiwanda kinachotengeneza visanduku hivyo, na Kiswahili chake cha kitabuni. Akakiweka kisanduku juu ya meza ya meneja, akaunga taa tatu ndogo badala ya pampu zetu tatu. Taa zikawaka na kuzimika kwa zamu, bila mlio wowote. Nilikipenda kile kitu, sifichi. Rilei zetu zilikuwa zinagonga mchana kutwa, hata nikiwa nje nilijua ipi imechoka.

Lakini chumvi ina taratibu zake. Maji ya bahari yalifika kwenye mfereji wetu siku za bamvua tu, bahari inapojaa kuliko kawaida, mara mbili kwa mwezi. Ukizikosa siku hizo, unangoja hadi bamvua nyingine huku mabwawa yanakauka. Tena kila bamvua ilikuja na mpango wake: bwawa hili limeingiwa na mvua, lile linavunwa, lile linataka maji kwanza. Mimi nilikuwa nafungua mlango wa paneli asubuhi, nahamisha waya mbili tatu, kazi imekwisha.

"Nikitaka kubadilisha zamu ya mabwawa, nafanyaje?" nikamwuliza.

"Iko mashine maalumu ya kuandikia maagizo. Inakaa kwa wakala wetu, Nairobi. Unaandika barua, naye anakuja."

"Baada ya muda gani?"

"Wiki tatu. Labda nne."

Alikuwa mtu mkweli. Siku ile nilitamani awe mwongo.

Siku mbili nilikuwa sisemeki. Nilipiga teke sanduku la vifaa, nikagombana na msaidizi wangu kwa bisibisi iliyokuwa mfukoni mwangu mwenyewe. Ningeweza kukisifu kisanduku na hakuna ambaye angenipinga, maana pale shambani hapakuwa na mwingine anayekijua. Mabwawa yangekauka mimi nikiwa Ulaya ndani ya sweta. Na wale wanawake, ambao hulipwa kwa chumvi waliyobeba, wangekaa na makapu matupu. Wao ndio walioitikia amin kwa sauti kuliko wote.

Niliandika ukurasa mmoja: tuchukue rilei. Meneja akausoma, akaniangalia juu ya miwani.

"Una hakika?"

"Furaha sina, mzee. Hakika ninayo."

Akatia saini.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikipanga maneno. Mtaani walikuwa bado hawajajua. Mmoja akanipigia kelele toka kibarazani, "Msafiri, bado uko huku?" Nikacheka, nikaongeza mwendo.

Mama alikuwa jikoni. Nikamwamkia, nikamweleza yote, kuanzia lile neno huenda ambalo sikulisema. Nikamwambia na lililoniuma zaidi, kwamba nimewafanya watu wazima waje kumwombea mtu asiyekwenda popote. Sweta lilikuwa limekunjwa juu ya kiti, mama akalisogeza ili nipate pa kukaa.

"Tuliomba urudi salama," akasema. "Si umerudi?"

Akanipakulia wali. Nilikula nimeinamia sahani, asinione macho.