Nyufa za nyumba ya mama zilivyopotea ndani ya video yangu

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi. Haya yalinipata mimi mwenyewe na aibu bado ni yangu, kwa hiyo sina sababu ya kuyapamba.

Mimi ni mtafiti. Nasomea namna ya kubana video ili ipite kwenye mtandao dhaifu.

Kwa asiyejua, usiogope, ni rahisi. Video hukatwa vipande vidogo, yaani pakiti, na kila pakiti hujitafutia njia. Nyingine huchelewa, nyingine hupotea.

Basi codec yangu, yaani programu ya kubana video, inatanguliza kile kinachotembea. Kilichotulia inakirudia kutoka picha iliyopita, na mistari midogo midogo inaifuta. Nani anaihitaji?

Kumbukeni hilo swali.

Mgodi wa jirani ukapanuka, barabara yetu ya mtaa wa Kapata ikaambiwa ihame. Nyumba iliyopasuliwa na baruti ya mgodi, familia inapewa nyingine. Isiyopasuka, mnapewa pole na siku za kuondoka. Msiniulize mantiki, mimi pia niliuliza.

Tume ya kuamua nani apewe nyumba ilikaa Lubumbashi, ikakagua kwa video. Simu za kawaida ziliganda, nami, kifua mbele, nikawapa app yangu yenye codec ile. Haikuganda hata mara moja!

Zamu yetu ikafika. Nikaelekeza simu kwenye ukuta wa mama, wenye nyufa za kupitisha kidole.

"Mama, félicitations, hongera," akasema bwana wa tume. "Ukuta yenu ni muzuri. Mulipaka rangi lini?"

Nikaangalia picha anayopokea. Ukuta laini kama yai.

"Rangi gani, tata? Iko inapasuka!" mama akamjibu bwana yule.

"Mi sioni kitu, mama."

Mama akanigeukia. "Miaka yote ile ku masomo, kumbe ulikuwa unajifunza kupiga plasta?"

Nikaanza kumweleza habari ya vilivyotulia na vinavyotembea. Nadhani nilieleza vizuri, maana aliniacha katikati ya sentensi akaingia ndani.

Mara ukutani ukachomoza mpini wa mwiko wa bukari, ugali wetu. Ukatikisika. Ukazama, ukachomoza kwenye ufa mwingine, ukatikisika tena.

Bwana yule akauliza: "Mama... ile kitu inatoka wapi?"

Sauti ikajibu kutoka ndani: "Mu chumba yangu, tata! Karibu!"

Tuliandikwa kwenye orodha ya kupewa nyumba. Siku iliyofuata barabara nzima ilikuwa inachomoza miiko.

Hivyo tukafukuzwa kwa heshima. Tulipofika nyumba mpya, kabla ya kushusha hata kiti, mama alizunguka kuta zote na mwiko wake, akijaribu kila kona. Haukupata pa kuingia. Baruti bado tunaisikia, kwa hiyo mwiko hajauweka mbali.

Nilichojifunza: kabla ya kufuta kitu kwa kuwa ni kidogo, muulize anayelala nyuma yake. Sasa codec yangu ina sehemu ya kuchagua kisichofutwa, na wa kwanza kuijaribu alikuwa mama.

Wadau wa mtandao na waliowahi kuhamishwa, nikosoeni bila huruma. Ila mama anasoma hapa, na mwiko anao.