Kigae Chekundu cha Yakani

Mdogo wangu Yakani, wa hapa Ajia, upande wa Arua, alikwenda kumuoa Helen akatoka kanisani na Nora mkononi. Nawaapia! Bibi harusi alivaa gauni jekundu, dada yake, Nora, la kijani, na pale mlangoni kwenye msongamano Yakani akashika mkono uliokuwa karibu. Wengine watakwambia alitembea hatua tatu tu. Waongo. Alifika Vurra mpakani, na watu wa forodha ndio waliomrudisha.

Watu walisema ni pombe, naye akakubali. Bora mlevi kuliko kipofu. Tangu utoto nyekundu na kijani machoni pake zilikuwa kitu kimoja, rangi ya vumbi, na siri hiyo tuliijua mimi na Helen tu.

Mwaka 1988, tukiwa tumesharudi Uganda kutoka Zaire tulikokimbilia wakati wa vita, Yakani alilima tumbaku. Ikishakauka lazima ipangwe: majani ya manjano huku, mekundu kule, yenye ukijani nje. Jani bichi moja tu likimchukiza mnunuzi, robota zima, furushi lote, linarudi nyumbani. Kupanga ilikuwa kazi ya Helen. Basi Helen akapasuliwa tumbo huko Arua, na lori la mnunuzi lilikuwa linakuja keshokutwa. Jasho la mwaka mzima lilikuwa limelala kibandani, halina wa kulipanga.

Yakani hakutulia. Alisimama, akaketi, akazunguka kibanda mpaka kuku wakashikwa na kizunguzungu.

"Dada, hii jani iko rangi gani?"

"Manjano."

"Na hii?"

"Manjano."

"Na shati yangu?"

"Manjano."

Shati lilikuwa jeupe. Macho yangu yalishaanza kuingia ukungu, dunia yote naiona kama imepakwa samli.

"Ita Constantino, jirani yako," nikamwambia.

"Constantino? Mdomo yake iko kama redio! Afadhali nichome tumbaku."

Kesho yake alipanda baiskeli kumpelekea mkewe uji. Huko hospitali akamvuta pembeni Enoch, tabibu wa macho, akamwaga siri yote.

"Wewe si kipofu, mzee," Enoch akamwambia. "Mwanga wa jua unabeba rangi zote. Jani linameza nyingine, na ile linayokataa ndiyo inakuja kwa jicho. Ndani ya jicho iko wapokezi wa aina tatu. Kwako wewe, wa nyekundu na wa kijani wanapokea mzigo uleule, basi kichwa hakijui nani ameleta nini."

"Dawa?"

"Jicho siwezi kutengeneza. Labda uchuje mwanga kabla haujafika."

Alirudi akinung'unika: kuchuja mwanga, kama pombe? Njiani lori moja lilikuwa limerudi nyuma likagonga ukuta, na taa yake ya nyuma imemwagika chini vipande vipande. Yakani akaokota kigae chekundu, akakiweka jichoni. Nyasi zikawa nyeusi. Matofali mekundu ya ukuta yakang'aa. Jamaa akaendesha baiskeli kwa mkono mmoja mpaka nyumbani!

"Dada! Kioo inakataza kijani kupita!"

Akapanga tumbaku jicho moja limefumba, jingine nyuma ya kigae. Jani lenye ukijani lilikuwa linazama gizani, la manjano na jekundu linawaka; manjano na nyekundu hazikuwahi kumchanganya. Mimi, kwa huruma, nikawa namsaidia kidogo kidogo akigeuza kisogo.

Lori likaja. Mnunuzi akaingiza mkono ndani ya robota la kwanza, akatoa jani. Safi. La pili, safi. La tatu, akatoa jani bichi kama mchicha. Yakani akageuka jivu.

"Nani ameweka hii?" mnunuzi akauliza.

"Mimi," nikasema. "Nilidhani iko manjano."

Akanitazama machoni, akaona ukungu. Akatumbukiza mkono tena mpaka begani, akatafuta na kutafuta, hakupata jingine. Akalitupa lile jani, akatia alama ya chaki ya kukubali kwenye marobota yote.

Constantino akauliza ni nani aliyepanga vizuri hivi bila Helen. Yakani akasema, "Taa ya lori."

Siku Helen aliporudi, alishuka barabarani pamoja na Nora, na mashetani wa mavazi walikuwa kazini: dada mmoja kavaa kijani, mwingine nyekundu, na jua la saa sita likituwaka machoni, sura zao hazitambuliki. Yakani akasimama mbali. Akaingiza mkono mfukoni, akaweka kigae jichoni mbele ya watu wote, Constantino akiwemo. Kisha akatembea moja kwa moja, akamshika mkono Helen. Safari hii alivaa kijani, kama alivyomwambia hospitalini.